Chakula cha Kimelea cha Malaria Ndani ya Damu

Mtu akiumwa na mbu mwenye malaria, vimelea huenda kwanza katika ini, hukaa humo siku kadhaa bila mtu kuhisi lolote, kisha huingia katika damu. Hapo ndipo homa huanza. Katika somo hili twataka kueleza jambo moja tu: kimelea kikisha kujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula nini humo?

Yafaa ijulikane kwamba chembe nyekundu ni kama ghala lililojaa bidhaa ya namna moja, nayo ni himoglobini, yaani protini yenye madini ya chuma ibebayo oksijeni. Kimelea huimeza kidogo kidogo kwa kitundu kilicho kama kinywa, huitia katika kifuko chenye uchachu, na humo vimeng'enya huikatakata hata ikawa asidi amino. Plasmodium falciparum, aina iuayo watu wengi zaidi katika Afrika, hukaa damuni kwa mizunguko ya saa 48 hivi, na katika kila mzunguko huteketeza zaidi ya nusu ya himoglobini ya chembe. Kisha chembe hupasuka, vimelea vipya vikatoka kutafuta ghala jingine.

Lakini himoglobini peke yake haitoshi. Himoglobini ya mtu mzima haina asidi amino iitwayo isolusini, na kimelea hakiwezi kukua bila hiyo. Basi kimelea hupeleka protini zake mpaka kwenye utando wa chembe, kikafungua njia ambazo hazikuwapo, ili virutubisho viingie kutoka katika majimaji ya damu. Sukari nayo hunyonywa kwa pupa kuliko inavyotumiwa na chembe nzima. Hii ni mojawapo ya sababu za mtoto mwenye malaria kali kuishiwa na sukari damuni. Kwa hiyo mtoto aliyezimia hupimwa sukari upesi, wala jambo hilo halingoji kesho.

Sasa, himoglobini ikisagwa hubakiza hemu, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kimelea huigandisha kuwa fuwele nyeusi. Weusi huo ndio uliovuta macho ya Laveran, daktari Mfaransa, huko Constantine, Aljeria, mwaka 1880. Na ndio uliomwongoza Ronald Ross nchini India mwaka 1897, alipouona katika tumbo la mbu. Mwizi alifichuliwa na makombo yake!

Klorokwini ilipiga hapo hapo: ilishikamana na hemu isigande, na sumu ikakizidi kimelea. Baadaye vimelea vilibadilika, vikaweza kuitoa dawa katika kifuko. Tanzania ikaiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Wasemao kwamba dawa ya mseto ya siku hizi ni klorokwini kwa jina jipya wamekosea kabisa. Artemeta iliyomo huamshwa na hemu yenyewe itokanayo na mlo wa kimelea, hufanya kazi upesi na kutoka mwilini upesi. Lumefantrini hubaki siku kadhaa kuvimaliza vimelea vilivyosalia. Ndiyo maana vidonge hunywewa siku 3 kamili hata homa ikishuka siku ya kwanza, tena pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta lumefantrini huingia damuni kidogo mno.