Njaa ya Kutazamwa

Katika shule yetu simu haziruhusiwi, na mwanafunzi akamatwaye nayo katikati ya muhula anajua litakalompata. Basi huenda baadhi yenu mkaona ajabu kwamba mwanafunzi wa mwaka wa sita anaandika habari za mitandao ya kijamii. Lakini nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu likizo ya Krismasi, kwa sababu nitakayoieleza mbele, na naona kwamba kabla ya kuilaumu simu yafaa tuijue kwanza ile njaa ambayo simu huilisha.

Njaa hiyo ni ya zamani, wala si dhambi. Tumtazame mtoto mchanga. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake, walitangaza majaribio waliyowafanyia akina mama na watoto wao. Mama alicheza na mtoto kama kawaida, kisha akaambiwa amtazame tu, asicheke wala asiseme neno, uso mkavu kama ubao. Mtoto alitabasamu ili amrudishe mama yake. Alipoona hajibiwi alijaribu tena. Mwishowe aligeuza uso, akanywea. Mtoto yule hakukosa maziwa wala hakuumwa. Alikosa uso wa kumjibu.

Kwa hiyo kutaka kuonwa tunazaliwa nako. Taabu huanza mtu anapotaka kuonwa na watu asiowajua, tena kwa gharama yoyote. Katika mji wa Efeso, mwaka 356 kabla ya Kristo, mtu aitwaye Herostratus alilitia moto hekalu kubwa la Artemi. Habari za kale zasema alikiri kwamba nia yake ilikuwa jina lake lijulikane duniani kote. Waefeso walimwua, wakapiga marufuku mtu yeyote asilitaje jina lake. Lakini mwanahistoria mmoja, Theopompus, akaliandika, na ndiyo sababu mimi nami nimeweza kuliandika hapa. (Mnaosoma Matendo ya Mitume mnakumbuka ghasia za Efeso wakati wa Paulo. Hekalu la siku zile ni lile lililojengwa upya baada ya moto huo.)

Sasa tuje kwenye simu. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, lakini kile kidole gumba cha kuonyesha kwamba umependa, ambacho vijana hukiita laiki, kilikuja tarehe 9 Februari 2009. Twaweza kukiona kuwa kitu kidogo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichogeuza mambo. Zamani mcheza ngoma alijua amependeza kwa kuona nyuso za watu na kusikia vigelegele. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amependwa na watu 41, na mwenzake aliyecheza baada yake amependwa na 43. Leo kupendwa kumepata hesabu, na hesabu hulinganishwa na ya jirani.

Tena hesabu yenyewe haiji kwa mpango. Hapa sharti niwaeleze habari za njiwa. B. F. Skinner, mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, aliwaweka njiwa katika visanduku vyenye kitufe. Mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya mambo waliyoyaona. Njiwa akipewa chakula kila anapodonoa kitufe, halafu chakula kikome, baada ya muda si mrefu huacha. Lakini akipewa bila taratibu, mara baada ya kudonoa mara 3, mara baada ya kudonoa mara 50, hudonoa kwa bidii, na hata chakula kikikoma kabisa huendelea kudonoa kwa muda mrefu. Mtu anayefungua simu hajui atakuta nini: pengine hakuna kitu, pengine watu 20 wamempenda kwa mara moja. Kwa hiyo hufungua tena. Kadhalika ukurasa wenyewe hauna mwisho. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni njia ya kuufanya ukurasa ujiongeze kila unapofika chini. Baadaye alisema hadharani kwamba anajuta.

Ni nani anayefaidi? Kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, hupata karibu mapato yake yote kutoka kwa matangazo ya biashara. Sisi hatulipi fedha. Macho yetu ndiyo yauzwayo. Hapa Uganda tuliwahi kulipa na fedha pia: tangu tarehe 1 Julai 2018 hadi mwaka 2021 ilitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao hiyo. Wengi walinung'unika, wengine wakatafuta njia za panya, lakini hamu haikupungua.

Basi nije kwenye sababu yangu. Desemba iliyopita babu yangu alifariki. Habari ilitangazwa redioni, ndugu wakaja kutoka kila upande, tukamzika kwenye migomba yake. Mimi nilipigwa picha nimesimama kando ya kaburi, nimevaa tai ya shule, nikaiweka mtandaoni na maneno ya kumwaga. Kabla ya jua kutua nilikuwa na laiki 112. Usiku ule watu walikaa kuota moto na kuzungumza habari za marehemu. Mimi niliondoka mara nyingi kwenda nyuma ya jiko, kwa maana huko ndiko simu iliposhika vizuri. Asubuhi shangazi yangu aliniuliza, "Jana ulikuwa wapi? Yule mzee rafiki wa babu yako alieleza kwa nini babu alikuchagulia jina lako. Alikutafuta kwa macho."

Nilimwendea mzee huyo kabla hajaondoka, nikapiga magoti, nikamwomba anieleze tena. Alinieleza, lakini kwa maneno machache, amesimama, mfuko wake mkononi, akingojea pikipiki. Baadaye nilizipitia zile laiki 112. Waliokuwa wamemjua babu yangu hawakufika 10.

Mwenzangu mmoja darasani aliposoma makala haya alinicheka. Alisema mwimbaji wa kwaya naye hutaka kusikiwa, na mchezaji wa mpira hutazama pembeni kwanza kabla ya kufunga bao. Nilimkubalia. Tena naungama kwamba gazeti hili litakapotoka, kitu cha kwanza nitakachokitazama ni kama jina langu limepigwa chapa sawasawa.

Ningependa wazee wetu waliosoma hapa kabla simu hazijakuwapo watuandikie. Siku zile mwanafunzi aliyetaka kutazamwa alifanya nini, na alijuaje kwamba ametazamwa?