Subira Si Kunyamaza



Hapa Rwanda tumekua na methali: "Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda", yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wengi wetu hudhani hiyo ndiyo subira. Tuitazame Sunna.

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, alilia mbele ya masahaba. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, Mtume alimweleza kuwa machozi yale ni rehema. Kisha akasema wazi kwamba moyo wake una huzuni, ila hatatamka lisilomridhisha Mola. Hadithi hii imo katika Sahih al-Bukhari.

Basi kuitaja huzuni hakuvunji subira. Kinachokatazwa ni kuilaumu kadari ya Allah.

Na maneno yakikwama? Katika Surat Taha, Nabii Musa (a.s.) aliomba afunguliwe fundo la ulimi, tena apewe nduguye Haruni wa kumsaidia. Nawe omba dua, kisha mtafute Haruni wako. Akikuuliza "amakuru?", usimjibu "ni meza" huku moyo unaungua. Mwambie.

Allah azifungue ndimi zetu kwa kheri. Amin.