Rutheniamu na Tatizo la Neno "Kichocheo"

Istilahi inaweza kukubalika na wengi na bado ikampotosha mwanafunzi. Mfano mmoja umo katika mafuta ya makadamia, zao la Nyeri, Embu na Meru. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hutokana na asidi ya oleiki, yenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Vichocheo vya rutheniamu alivyobuni Robert Grubbs, aliyetuzwa Nobeli mwaka 2005 pamoja na Yves Chauvin na Richard Schrock, hukata kifungo cha namna hiyo, nusu za molekuli zikabadilishana wenzi.

Wakemia huliita badiliko hilo metathesisi. Wanaisimu pia wanalo neno hilo, ila kwao ni sauti za neno moja zinazopishana. "Ubadilishanaji wenzi" unafaa zaidi, kwani kauli ya kutendana tayari imebeba nusu ya maelezo.

Ugumu uko kwenye "kichocheo". Achocheaye moto hubaki nje ya moto. Rutheniamu haibaki nje: kwa mujibu wa maelezo ya Chauvin ya mwaka 1971, metali iliyoshikana na kaboni hujiunga na molekuli, ikaunda pete ya atomu nne, pete ikikatika, metali huondoka na nusu ya molekuli hiyo. Wala si mshenga, maana mshenga haozwi. Neno limezoeleka, lising'olewe. Lakini mwalimu wa Karatina au Nanyuki akilifafanua kwa mfano wa moto pekee, mwanafunzi hataelewa kwa nini rutheniamu kidogo hutosha mafuta mengi: kila iachanapo na mwenzi, iko tayari kwa mwingine.