SOMO LA AFYA: Ukuta wa chumba wanacholala watoto



Mvua zikiisha, watu wengi kambini huanza kutengeneza nyumba. Huyu anakandika upya, yule anapaka chokaa, na mwenye vijisenti anatafuta rangi sokoni ili chumba cha watoto kipendeze na uchafu uweze kufutwa kwa kitambaa. Ni jambo zuri. Muuza rangi huulizwa swali moja kila siku: "Hii inadumu?" Kwa chumba cha watoto kuna swali la kutangulia hilo: kinachotoka ukutani kinaishia wapi?

Jibu kila mzazi analijua. Mtoto anayejifunza kusimama hujishikiza ukutani, halafu mkono unakwenda mdomoni. Wapo wanaolamba ukuta, na wapo wanaokwangua udongo wakaula. Mama mjamzito naye mara nyingine hufanya hivyo hivyo, akiona aibu kusema.

Rangi ya mafuta

Hii ndiyo inayosifiwa zaidi. Inang'aa, maji hayaipenyi, ukiisugua kwa sabuni inakuwa kama mpya. Lakini kwa miaka mingi rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu, chungwa na kijani, zimekuwa zikichanganywa na madini ya risasi ili zikauke upesi na zisififie. Ndiyo, ni madini yale yale ya risasi za bunduki. Ubaya wake ulijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi kupakwa ndani ya majengo, na mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani. Siku hizi Umoja wa Mataifa unapendekeza sheria isiyoruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni 1 za rangi. Hata hivyo, milango, madirisha na vitanda vya chuma vilivyopakwa zamani bado vinauzwa na kuhamishwa nyumba hadi nyumba.

Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kujifunza, hatulii, anasahau. Inapunguza damu pia. Na mtoto ambaye tayari amepungukiwa madini ya chuma, kama walivyo wengi wenye minyoo au wanaokula chakula cha aina moja, huinyonya zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Usingoje dalili, maana mara nyingi hazionekani mpaka madhara yamekwishatokea.

Huwezi kuitambua kwa macho wala kwa kunusa. Kwa hiyo usinunue kwa ajili ya watoto rangi iliyopimwa katika chupa ya soda au kopo lisilo na maandishi, hata bei ikiwa nzuri. Nunua kopo lililofungwa, lenye jina la kiwanda na maandishi kwamba halina risasi. Kama nyumbani kuna mlango wa rangi ya zamani inayobambuka, usiusugue kwa msasa mkavu, kwani vumbi lake ndilo baya kuliko rangi yenyewe. Na mbao zilizopakwa rangi zisiwe kuni za kupikia.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha. Ukuta wa tofali mbichi hunywa maji kutoka chini na kuyatoa kidogo kidogo. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, unyevu unakwama nyuma yake, na baada ya mvua za kwanza rangi inabambuka kama maganda. Maganda hayo ndiyo mtoto anayaokota.

Ukuta wa udongo: lainisha kwanza

Kwa nyumba ya udongo ushauri wetu ni huu: usihangaike na rangi ya kuoshwa. Tafuta ukuta laini usio na nyufa, halafu chokaa ya kurudiwa kila mwaka. Nyufa si suala la sura tu. Papasi hujificha humo mchana, usiku hutoka kunyonya damu, na homa ya papasi, ile inayokuja, ikaondoka, ikarudi tena, ni ya hatari kwa watoto na wajawazito.

Changanya udongo na mchanga, paka sehemu ndogo ya majaribio, iache ikauke. Ikipasuka, udongo umezidi, ongeza mchanga. Ikipukutika ukiisugua kwa kiganja, mchanga umezidi. Ukipata mchanganyiko unaofaa, kandika ukuta wote na uulainishe kabla haujakauka kabisa.

Chokaa nunua iliyokwisha kuzimwa. Ile isiyozimwa huchemka ikiguswa na maji, na imeshaunguza watu. Hata iliyozimwa huunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wawe mbali, nawe funika mikono na linda macho. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika zisizopungua 15, ndipo uende kituo cha afya. Usianze safari kabla ya kuosha.

Lowesha ukuta kidogo, paka chokaa nyepesi kama maziwa, acha hadi kesho yake, paka tena. Mara tatu nyembamba zinashinda mara moja nzito, kwani chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, na ile nzito hukauka juu tu, kisha ikawa unga. Ikikauka pitisha kiganja. Ikikuachia unga mwingi, pangusa kwa brashi kavu watoto wakiwa nje na urudie nyembamba. Chokaa haisuguliwi kwa sabuni, inapanguswa tu. Pakichafuka sana, paka tena. Ni rahisi.

Ukuta wenye lipu ya saruji

Hapa rangi ya maji ya kuoshwa inafaa, mradi lipu imekauka wiki 4 na ukuta haupandi unyevu. Huna haja ya kupaka mpaka juu. Mkono wa mtoto unafika mita 1 kutoka sakafuni, basi paka mita hiyo moja na juu yake weka chokaa. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukitoa mlango, kina kama mita 11 za mraba za kupaka. Lita 1 hutosha karibu mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, kwa hiyo mara mbili zitachukua lita 2 na kidogo. Ukuta wa kukwaruza utakula zaidi. Watoto walale kwingine mpaka harufu iishe.

Kabla ya yote, uliza kuhusu dawa-ukoko

Kama nyumba yako imepuliziwa dawa ya kuua mbu, usipake, usikandike wala usioshe ukuta. Mbu hufa kwa kutua juu ya dawa hiyo. Ukiifunika, umewapa mahali pa kupumzika. Muda wa dawa kufanya kazi hutofautiana, kuanzia miezi 3 hadi 6 na hata zaidi, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Ukijua wapuliziaji wanakuja, maliza kupaka kabla hawajafika. Na ukuta uliopuliziwa usikwanguliwe ukaliwa. Mwambie na jirani mjamzito, kwa siri kama anaona haya.

Makopo yaliyobaki

Ndoo ya rangi ya mafuta isiwekewe maji ya kunywa wala unga, hata ukiisugua namna gani. Mafuta ya taa au petroli ya kusafishia brashi yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, usimpe maziwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na chukua chupa yenyewe uionyeshe.