Tulinde Ngitili kwa Daftari

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo inaweza kulinda malisho na wanyama wa kijijini. Hebu tuone.

Wasukuma wanaijua ngitili tangu zamani. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Majani hukua. Kiangazi kikizidi, ndipo ng'ombe huingizwa.

Lakini mkoani Shinyanga miti mingi ilikatwa. Watu walitaka kumaliza mbung'o, kupata kuni na mashamba ya pamba. Mifugo nayo ilizidi. Ardhi ikabaki kipara.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wanavijiji wakarudisha ngitili. Dagashida, mkutano wao wa jadi, iliweka adhabu. Sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilikuwa hekta 600 hivi tu. Miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Miti ikaota, ndege wakarudi.

Basi, tutajuaje kama ngitili yetu inastawi au inakufa? Macho husahau. Daftari halisahau. Fanyeni hivi:

1. Wachagueni watu wawili wa kujitolea. Wapite njia ile ile, asubuhi, siku ile ile ya kila juma.
2. Waandike tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.
3. Wahesabu visiki vipya, ndege na wanyama. Waangalie pia nyayo za ng'ombe.
4. Waandike walichokiona tu. Ndege wasiyemjua, waandike "hatumjui".
5. Wasipoona kitu, waandike 0. Sifuri nayo ni habari.

Angalieni sana! Msiandike jina la mtu kwa kudhani. Kisiki mmekiona, aliyekata hamkumwona. Daftari si la kusingiziana.

Huu ni mfano wa visiki vipya:

Juma la 1: 2
Juma la 2: 0
Juma la 3: 7

Mnaona? Juma la 3 kuna jambo. Lisomeni daftari mbele ya mkutano wa kijiji mapema. Mkingoja, kiangazi ng'ombe watakuta vumbi.

MASWALI

1. Ngitili hufungwa lini?
2. Kwa nini tunaandika sifuri?
3. Katika mfano, visiki vyote ni vingapi?
4. Kijijini kwenu, nani ataanza kuhesabu?