Nimelipa nisafishiwe nyota, sasa natishiwa wanangu

Shangazi,

Mimi ni mama ntilie, mjane mwenye watoto watatu. Biashara ilikuwa inakwenda vizuri hadi mwaka jana. Stendi ilipohamishwa wateja wakaanza kupungua, ikafika mahali narudi nyumbani na nusu sufuria ya wali. Rafiki yangu akanipeleka kwa mganga anayesifika kwa kusafisha nyota. Tulisubiri kwenye benchi karibu saa nzima, tukipiga soga na mama mwingine tuliyemkuta hapo. Nilipoingia, mganga akanitajia mambo yangu kabla sijafungua mdomo: watoto watatu, kazi yangu, hata msiba wa mume wangu. Akapasua yai, zikatoka sindano na nywele. Akasema nimefungwa na mwanamke mzee wa ukoo wangu mwenye macho mekundu, anayekaa upande jua linakozama.

Nilianza na 50,000 za kufungua mkoba. Zikafuata za dawa, za mbuzi, za ubani. Jumla nimempa 1,350,000, na 800,000 kati ya hizo ni mkopo wa kikoba. Kibandani hakijabadilika kitu. Nilipomwambia anirudishie fedha, akanijibu kwa ujumbe wa simu kwamba kazi imefika katikati, na nisipotoa ng'ombe mizimu itawageukia wanangu. Silali, Shangazi. Nitapataje fedha zangu? Na watoto wako salama?

Anayekaa upande ule ni mama mkubwa, na macho yake kweli ni mekundu. Tangu siku hiyo sijawapeleka watoto kwake. Kaka yangu nimemweleza, amekasirika sana.

Mama Ntilie, Kanda ya Ziwa

Mwanangu,

Fedha zako nitazifikia. Kwanza weka gazeti chini umpigie kaka yako. Usimwambie kwamba huna uhakika, wala kwamba mngoje kwanza mwone. Mwambie: nilidanganywa, mama mkubwa hana kosa. Kisha mtafute mzee mnayemheshimu wote wawili, amwite kaka na kumkalisha chini.

Nina haraka kwa sababu unaishi Kanda ya Ziwa, na huko unajua kama ninavyojua mimi vikongwe wangapi wamekatwa mapanga usiku baada ya mtu kutoka kwa mpiga ramli na maelezo kama hayo uliyopewa wewe. Ndiyo maana tunaiita ramli chonganishi. Januari 2015, ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Wewe umekwenda kutafuta wateja wa wali, umerudishwa nyumbani na jina la mtu wa kuchukiwa. Katika yote uliyouziwa, hilo ndilo linalonitisha.

Na macho yale mekundu? Mama mkubwa amepika kwa kuni miaka mingapi? Wengi wa rika lake huko wamepikia hata kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, pale kuni zilipokosekana. Moshi wa miaka hamsini hauwezi kuyaacha macho meupe. Mganga hakuhitaji kumwona. Alitaja mzee mwenye macho mekundu akijua kila ukoo unaye, jina ukalitafuta mwenyewe njiani ukirudi.

Sasa soma tena sehemu ya benchi. Saa nzima mlipiga soga na mama msiyemjua. Kumbuka alikuuliza nini: una watoto wangapi, unafanya kazi gani, baba yao yuko wapi? Mara nyingi mtu wa namna hiyo ni msaidizi wa mganga, na mambo yako hufika ndani kabla yako. Yai je, ulilitoa kwako au ulilikuta kwake? Yai hutobolewa tundu dogo, kitu kikaingizwa, tundu likazibwa.

Watoto wako salama. Kama unaiamini mizimu, basi fikiri kama wazee walivyofikiri: mizimu ya ukoo wako ni babu na bibi zako. Mgeni atawatumaje wakadhuru vitukuu wao, tena kwa sababu yeye hajapewa ng'ombe? Usimpe hata shilingi moja zaidi.

Sisemi haya kuwatukana waganga wote. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Nimekua nikiona wazee wa miti shamba wakipewa kitu kidogo cha kufungua mkoba, shukrani ikaja mgonjwa akishapona. Huyo wako bei inapanda kila tatizo linapobaki palepale. Ulizia usajili wake kwa mratibu wa tiba asili katika halmashauri yenu.

Usifute ujumbe wowote. Kusanya meseji za miamala na ile ya kitisho, nenda polisi, ueleze kwamba mtu amejipatia fedha kwa udanganyifu na sasa anakutisha, na usiondoke bila namba ya RB. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu 1928, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi. Sitakuahidi kwamba zote 1,350,000 zitarudi. Huenda nyingi zimekwenda, na inaniuma kukuandikia hivyo.

Kikoba usikikimbie. Mwone mwenyekiti kabla ya siku ya marejesho, mweleze ukweli, omba upunguziwe kiwango cha kila wiki. Aibu utaisikia, lakini usijione mjinga. Mwaka 2011 viongozi na wasomi walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mzee aliyejulikana kama Babu. Mtu mwenye shida hutafuta.

Kuhusu biashara, jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita: stendi ilihamishwa. Wateja wako wamehama na mabasi. Usikodi banda kwanza. Beba chapati na chupa mbili za chai alfajiri uende stendi mpya, ujaribu wiki mbili. Ukiona zinatoka, ndipo uulize utaratibu wa kupata eneo.

Halafu Jumapili wavalishe watoto, chukua kilo ya sukari, mwende kwa mama mkubwa. Mweleze wewe mwenyewe yaliyosemwa kuhusu yeye, kabla hajayasikia kwa jirani. Atalia, pengine atakufokea. Kaa hapohapo jikoni, umsaidie kupika.