SWICHI INAYOPOKEA AMRI



Sisi wa darasa la sita tunakaribia Exetat, kisha tutaondoka. Katika chumba cha kompyuta tunaacha sanduku moja la chuma lenye matundu 24 na taa ndogo za kijani. Wengi wanapita mbele yake na kusema: "Ile njo mashine ya intaneti." Hapana. Ile ni swichi, tena ya aina inayopokea amri. Kama hapatakuwa mutu wa kuielewa nyuma yetu, itabaki sanduku la taa tu. Juu ya hiyo tunaandika somo hili.

1. Tuanze na lokole

Wazee wa Lokele, kule Yakusu na Yangambi, walipeleka habari kwa lokole, ngoma ya mti. Mmisionari John Carrington alieleza kazi hiyo katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949. Kila mutu alikuwa na jina lake la ngoma. Mpigaji aliita kwanza jina la yule anayetafutwa, kisha akatoa habari. Wote walisikia, lakini mwenye jina njo alijibu.

Ethaneti ilianza karibu vile vile. Robert Metcalfe na David Boggs waliivumbua mwaka 1973 huko Xerox, Marekani. Kompyuta zote zilikuwa kwenye waya mmoja. Moja ikisema, zote zinasikia. Basi kila habari ilianza na anwani ya mpokeaji. Mbili zikisema pamoja, habari zinagongana na lazima kurudilia.

Swichi ilileta dawa. Swichi ya kwanza ya Ethaneti ilitoka kwa kampuni Kalpana mwaka 1990. Swichi inaangalia habari imetoka kwa nani na kupitia tundu gani, inaandika katika kumbukumbu yake: "Huyu iko kwenye tundu la 7." Habari ya huyo ikifika, inapelekwa tundu la 7 peke yake. Anwani isipojulikana bado, swichi inaita kwenye matundu yote, sawa lokole.

2. Ya kawaida na ya amri

Swichi ya bei ndogo inafanya kazi hiyo peke yake, lakini haisikii neno lako. Ile ya amri inasikia. Amri kubwa ni mbili.

(a) Kugawa. Tuangalie mto wetu. Makiso iko ng'ambo hii, Lubunga ng'ambo ile. Mji ni mmoja, lakini kuvuka lazima baki au mtumbwi. VLAN ni hivyo: sanduku ni moja, lakini ndani yake tunafanya ng'ambo mbili. Kompyuta za ofisi, ambako pointi zetu zinaandikwa, ziko upande mmoja. Kompyuta za wanafunzi upande mwingine. Habari haivuki bila kupita kwenye ruta, na pale tunaweka sheria ya nani anapita. Hii si kwa kunyima wanafunzi. Asiyeweza kufikia pointi hawezi kushitakiwa kwamba alizibadili. Mgawo huu unalinda ofisi, unatulinda na sisi.

(b) Kuzuia mzunguko. Mutu akiingiza ncha mbili za waya mmoja katika swichi ileile, habari inayoitwa kwa wote inazunguka bila mwisho. Muhula uliopita ilitokea hapa: taa zote ziliwaka pamoja, kazi ikasimama asubuhi nzima. Kanuni ya kuzuia hali hiyo ilitungwa na Radia Perlman mwaka 1985, inaitwa STP. Swichi ikiona njia mbili za kwenda mahali pamoja, inafunga moja. Ilikuwa imezimwa, sasa inawaka. Musiizime.

Tena swichi hii inaweza kufunga tundu lisilotumika, na kuonyesha tundu gani linabeba habari nyingi kupita mengine.

3. Namna ya kuitengeneza

Kwanza, chukua karatasi. Andika kila tundu linakwenda wapi. Waya mmoja usipite metre 100.

Pili, unga kompyuta moja kwa swichi. Soma anwani ya swichi katika kitabu chake. Ikiwa 192.168.0.1, pa kompyuta yako 192.168.0.10, na maski 255.255.255.0. Kisha andika anwani ya swichi mahali unapoandika anwani za intaneti. Ukurasa wa amri utafunguka.

Tatu, badilisha neno la siri la kiwandani. Neno hilo limeandikwa katika kitabu, basi dunia yote inalijua.

Nne, tengeneza VLAN 10 ya ofisi, matundu 1 mpaka 6, na VLAN 20 ya wanafunzi, matundu 7 mpaka 22. Tundu la 24 linakwenda kwa ruta. Linabeba zote mbili, na kila habari inatiwa alama ya namba yake. Tundu la 23 liache kwa kutoa amri. Angalia sana: ukihamisha tundu unalotumia wewe mwenyewe, umejifungia nje.

Tano, washa STP.

Sita, HIFADHI. Kwa swichi nyingi, amri mpya inafanya kazi mara moja lakini haijaandikwa kwa kudumu. Kuran ikikatika, na hapa kwetu inakatika, kazi yote inapotea. Bonyeza mahali pa kuhifadhi, zima swichi, washa tena, hakikisha amri zimebaki. Halafu weka kopi yake nje ya swichi.

4. Daftari

Ramani ya matundu iko katika daftari ya chumba cha kompyuta. Neno la siri liko katika bahasha iliyofungwa, kwa Bwana Prefe. Yeyote anayebadilisha kitu aandike tarehe, alichofanya na jina lake.

Tunaomba wawili wa darasa la tano, kijana na binti, waje Siku ya Posho saa nane ya mchana. Tutawafundisha mpaka wafanye wenyewe bila sisi kugusa.

Maswali ya kujipima

1. Swichi inafanya nini ikipata anwani isiyoijua?
2. Kwa nini VLAN mbili hazisemezani bila ruta?
3. Ulitengeneza yote vizuri, kuran ikakatika, asubuhi amri hazipo. Ulisahau nini?